Tuzo, Tangazo au Mlungula? Fedha za Siri katika Muziki wa Redio Mombasa

Kijana mmoja mwimbaji wa Majengo alinisimulia, tukiwa tumekaa Mwembe Tayari, jinsi alivyopeleka wimbo wake wa kwanza katika kituo kimoja cha redio cha mjini hapa. Alipokewa vizuri, akasifiwa sauti na maneno, akaambiwa asubiri. Siku mbili baadaye mtangazaji alimpigia simu, akamwambia kwa upole kwamba wimbo ni mzuri lakini nao unahitaji nauli ya kufika hewani. Hakutaja kiasi, alimwachia mwenyewe ajipime. Kijana yule aliniuliza kama hiyo ni hongo, au ni gharama ya kazi kama ile aliyolipa studio kwa kurekodi na mpiga picha kwa video. Nilimjibu papo hapo kwamba ni hongo. Bado naamini hivyo, lakini nilipofika nyumbani niliona kwamba jibu langu lilikuwa jepesi kuliko swali lake, kwa sababu sikuweza kumweleza ni kwa nini shilingi iliyokuwa halali mlangoni mwa studio igeuke haramu mlangoni mwa redio.

Wamarekani wana jina maalumu la desturi hii, payola, lililoundwa kwa kuunganisha neno lao la kulipa na Victrola, jina la gramafoni iliyokuwa maarufu mwanzoni mwa karne ya 20. Sisi hatuna jina moja. Tuna mlungula na chauchau katika Kiswahili cha wazee, hongo na rushwa katika Kiswahili cha mahakamani, na katika mazungumzo ya kila siku tuna chai, kitu kidogo, ya soda, mafuta, nauli. Majina haya ya mwisho yote ni ya vitu ambavyo muungwana humpa mwenzake bila kuulizwa, na hapo ndipo ugumu unapoanzia: anayeomba haonekani kuomba hongo bali ukarimu, na anayekataa haonekani mwadilifu bali bahili.

Atakayesema kwamba fedha haina nafasi karibu na wimbo hajawahi kukaa katika harusi ya Mombasa. Katika taarabu, msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka, humwendea mwimbaji kwa madaha na kumtuza noti mbele ya kadamnasi. Mara nyingine tuzo ile hubeba ujumbe, kwa kuwa anayetuza anataka fulani aliyekaa upande wa pili ajue kwamba ubeti ule ni wake. Waimbaji wakubwa wa mji huu, akina Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Maulidi Juma na Zuhura Swaleh, waliimba katika harusi za namna hiyo, na hakuna aliyewahi kuona kwamba noti zile ziliuharibu ushairi wao.

Redio nayo ilikuwa na fedha yake ya halali. Wenye umri wangu wanazikumbuka kadi za salamu, ambazo msikilizaji alizinunua, akaandika jina lake na majina ya ndugu na marafiki, mara nyingi pamoja na wimbo aliopenda uwafikie, kisha akazipeleka kituoni. Mtangazaji aliyasoma majina yote, hata pale orodha ilipokuwa ndefu kiasi cha kumkausha koo. Fedha ilikuwa imelipwa, wimbo ulichezwa, na kila aliyekuwa akisikiliza alijua ni nani aliyeuomba na kwa ajili ya nani.

Nimeanza na tuzo na salamu kwa sababu naona kwamba zinatupa kipimo cha kwetu wenyewe, kilicho bora kuliko kuuliza tu kama fedha imetoka mkono mmoja kwenda mwingine. Katika tuzo, fedha hutoka kwa msikilizaji kwenda kwa msanii. Katika nauli aliyoombwa yule kijana, hutoka kwa msanii kwenda kwa mtu aliyekabidhiwa masikio ya wasikilizaji. Katika tuzo na katika kadi ya salamu mtoaji hutajwa au huonekana. Katika nauli, mpango wote huanguka siku utakapotajwa. Methali yetu inayosema penye udhia penyeza rupia ni ya zama za rupia, fedha iliyotumika pwani hii hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kitenzi chake kinastahili kuangaliwa. Haikusema toa, wala haikusema lipa. Kupenyeza ni kupitisha kitu katika mwanya ambapo macho hayafiki.

Hata hivyo, wanaotetea malipo haya wana hoja, na si haki kuzipita mbio. Hoja yao ya kwanza ni ya hesabu. Saa moja ina dakika 60. Ukitoa taarifa ya habari, matangazo ya biashara, maongezi ya mtangazaji na simu za wasikilizaji, na ukikadiria wimbo mmoja dakika 4, hazibaki nafasi zaidi ya 8 au 9. Kurekodi wimbo kumekuwa rahisi. Chumba kimoja Kisauni chenye kompyuta, kipaza sauti na magodoro ukutani ni studio. Nyimbo zinazobisha mlango wa redio kila wiki ni nyingi mno kuliko nafasi zilizopo, kwa hiyo lazima kiwepo kitu cha kuchuja. Wanauliza: isipokuwa fedha, kitakuwa nini? Ladha ya mtangazaji? Ladha haina mizani. Undugu na urafiki? Hapo atanufaika shemeji wa meneja. Fedha, wanasema, angalau haimuulizi mtu ukoo wake.

Aliyeijenga hoja hii kwa uzito zaidi ni mwanauchumi Ronald Coase, Mwingereza aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chicago na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1991. Katika makala ndefu aliyoitoa mwaka 1979 alionyesha kwamba kulipia wimbo usikike ni desturi iliyoitangulia redio. Wachapishaji wa muziki wa Marekani waliwalipa waimbaji wa majukwaani ili waimbe nyimbo zao, na walipounda chama mwaka 1917 ili kuikomesha desturi hiyo, kilichowasukuma hasa ni gharama ya kushindana wao kwa wao kuliko uchungu wa maadili. Kwa Coase, kitu chenye thamani kisipokuwa na bei ya wazi hupata bei ya siri, na kuipiga marufuku bei hiyo mara nyingi huwalinda wakubwa waliokwisha kukaa juu dhidi ya wadogo wanaotaka kupanda.

Historia inampa Coase sehemu ya haki. Katika miaka ya 1950 kampuni ndogo za kurekodi nchini Marekani, nyingi zikiwa na wanamuziki weusi ambao kampuni kubwa hazikuwataka, zilipata njia ya kufika hewani kwa kuwalipa watangazaji. Baadhi ya waliopiga kelele kudai uchunguzi, kikiwemo chama cha ASCAP cha watunzi na wachapishaji wa zamani, walikuwa wanaona soko lao likichukuliwa na muziki mpya wa roki. Bunge lilipoanza vikao vyake mwaka 1960, mzigo haukugawanywa kwa mizani. Alan Freed, mtangazaji aliyewafungulia vijana wa Kizungu mlango wa muziki wa watu weusi, alikuwa amefukuzwa kazi katika kituo cha WABC cha New York mwaka 1959 baada ya kukataa kutia saini tamko kwamba hajawahi kupokea malipo ya aina hiyo. Mwaka 1962 alikiri makosa mawili ya hongo ya kibiashara, akatozwa faini ya dola 300, na mwaka 1965 akafa akiwa na umri wa miaka 43. Dick Clark, mtangazaji wa televisheni aliyekuwa na hisa katika makampuni ambayo nyimbo zake alizicheza katika kipindi chake mwenyewe, aliziuza hisa hizo, akajieleza mbele ya kamati ya Bunge, na akaendelea kuwa nyota wa utangazaji kwa miongo kadhaa. Anayeogopa kwamba vita vya hongo katika redio za Mombasa vitaishia kwa mtangazaji mdogo wa zamu ya usiku, huku mwenye mkataba mkubwa akiachwa, hana wasiwasi wa bure.

Hoja ya pili ya watetezi inatugusa karibu zaidi, nayo ni mshahara. Watangazaji wengi wa redio za pwani, hasa walio wachanga katika kazi, hufanya kazi kwa mikataba ya muda au kwa posho, na wako wanaokaa mbele ya kipaza sauti miezi kadhaa wakiitwa wanafunzi wa mazoezi. Sauti yao inajulikana Likoni hadi Mtwapa, lakini kodi ya nyumba inawashinda. Mtu wa aina hiyo, wanasema watetezi, akipokea shilingi mia kadhaa kutoka kwa msanii aliyemsaidia, kosa lake ni lipi? Mkono mtupu haulambwi.

Na ipo hoja ya tatu, ambayo binafsi naiona ndiyo ngumu kuijibu. Redio tayari inauza hewa yake. Mfanyabiashara wa godoro hulipa, mwanasiasa hulipa wakati wa kampeni, mhubiri hununua nusu saa yake ya Jumapili. Kwa nini msanii peke yake ndiye atakiwe kungoja huruma?

Nitaanza kujibu kwa mshahara, kwa sababu hoja hii ndiyo inayovuta huruma zaidi na ndiyo inayoficha mengi zaidi. Mwalimu anayelipwa kidogo hauzi alama za mtihani, na akiuza hatusemi kwamba amejilipa haki yake. Lakini zaidi ya hilo, tuulize ni nani anayenufaika na mpango huu. Mwenye kituo ambaye anajua, au anakataa kujua, kwamba mtangazaji wake anakusanya nauli kutoka kwa wasanii, ameondokewa na sehemu ya gharama ya mishahara yake. Gharama hiyo imehamishwa kutoka kwa mwajiri mwenye leseni na mitambo, ikabebeshwa kijana wa Majengo aliyekopa ili arekodi. Ukiitazama hivyo, anayesema kwamba hongo ya redio ni msaada wa maskini kwa maskini mwenzake amesahau kumhesabu mtu wa tatu aliyekaa ofisini.

Kuhusu hesabu ya nafasi, ni kweli kwamba lazima kiwepo kichujio, na ni kweli kwamba ladha haina mizani. Lakini msikilizaji anapofungua redio jikoni au dukani Kongowea, ameikubali ladha ya mtangazaji kama mtu anavyoikubali kauli ya jirani anayejua samaki. Jirani akikwambia leo nunua changu wa meza ile, unakwenda. Ukija kugundua kwamba mwenye meza alimlipa aseme hivyo, huwezi kujifariji kwamba samaki hakuwa amechina. Umepoteza kitu ambacho samaki hawezi kukirudisha, na kesho hata jirani akisema kweli hutamwamini. Hii ndiyo tofauti ninayoiona kati ya mtangazaji na tangazo la godoro. Tangazo linajitambulisha. Wimbo uliolipiwa kwa siri hujivika sauti ya rafiki.

Zaidi ya hayo, masafa ya redio si mali ya mwenye kituo. Ni rasilimali ya umma yenye kikomo, inayotolewa kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na aliyepewa masafa amepewa pamoja na wajibu. Mhubiri aliyenunua nusu saa hutajwa kabla na baada ya kipindi chake. Msanii aliyenunua dakika 4 hatajwi, na hilo peke yake linatosha kulivunja lile fananisho la watetezi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo katika mijadala yetu halizungumzwi vya kutosha, ingawa kwangu ndilo kiini cha madhara: mrabaha. Wimbo ukichezwa redioni, kituo kinatakiwa kulipa leseni kwa vyama vya haki za wasanii vinavyosimamiwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na fedha hizo zikagawiwe watunzi, waimbaji na watayarishaji. Wasanii wa pwani wana malalamiko mengi ya zamani juu ya vyama hivyo, na mengine ni ya haki kabisa. Lakini pale ambapo mgao unafuata orodha za nyimbo zilizochezwa, wimbo uliopenyezwa mara 10 kwa wiki unachota kutoka chungu kimoja na ule uliochezwa mara 1 kwa sababu watu waliupigia simu. Kwa hiyo hongo ya redio haimwibii mwenzako nafasi ya kusikika tu; inamchukulia na sehemu ya fedha yake, tena kupitia karatasi zinazoonekana safi. Aliyelipa hurudishiwa, angalau kidogo, kutoka mfukoni mwa asiyelipa.

Vivyo hivyo kwa miito ya simu, yaani nyimbo anazozisikia anayepiga akingoja simu ipokewe. Sheria ya Hakimiliki iliyorekebishwa mwaka 2022 inataka asilimia isiyopungua 52 ya mapato ya miito hiyo imfikie msanii au mwenye haki, hatua ambayo wasanii waliipigania kwa miaka. Lakini watu huweka wimbo kwenye simu zao baada ya kuusikia mara nyingi, na redio ndiyo inayowasikilizisha. Mlango wa kwanza ukiwa na mlinzi anayechukua nauli, haki iliyoandikwa mlango wa pili itawafikia waliokwisha kupita wa kwanza.

Wamarekani walilipitia hili kwa sura mbaya zaidi. Chuck Berry alipotoa wimbo wake wa kwanza uliovuma, mwaka 1955, jina la Alan Freed liliandikwa kama mtunzi mwenza wa wimbo ambao hakuutunga, ili kila unapochezwa naye apate fungu. Berry aliirudisha haki yake kamili miaka mingi baadaye. Hapo hongo haikuwa bahasha ya mara moja; ilikuwa mkataba wa kunyonya kwa miongo. Nimewahi kusikia pwani yetu msanii akiombwa aandike jina la mtu wa redio katika wimbo ili "wauinue pamoja", na yeyote atakayeambiwa hivyo ajue kwamba anaombwa kitu kikubwa kuliko nauli.

Na kipo kikubwa kuliko hicho. Mahali ambapo bei haitajwi, mwenye kuiweka anaweza kuibadilisha aina yake. Waimbaji wa kike wanaombwa kisichokuwa fedha. Wanaume tunaojadili uchumi wa hewa na nadharia za Coase tunaweza kuliruka jambo hili kwa sababu halituhusu miili yetu, lakini kwa binti wa miaka 20 aliyekwenda kituoni na wimbo wake katika flashi, "ajipime mwenyewe" ni kauli yenye kitisho. Siwezi kuzungumza juu ya faida na hasara za malipo ya siri nikaliweka hili pembeni kama suala jingine. Ni suala hili hili. Usiri unaomwezesha mtangazaji kupokea shilingi mia tano ndio unaomwezesha kudai faraghani jambo ambalo hangethubutu kulitamka mbele ya mashahidi.

Sheria ya Kenya, kwa maandishi, haina kigugumizi. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 haikuwalenga maofisa wa serikali peke yao. Inagusa pia kazi zinazofanywa na waajiriwa wa makampuni ya binafsi pale ambapo kazi hizo zinatarajiwa kufanywa kwa nia njema, bila upendeleo, au kwa kuaminiwa. Anayetoa na anayepokea wote wana hatia, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 10 au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Manufaa yanayohesabiwa kuwa hongo si fedha tu. Makampuni nayo yanatakiwa kuwa na taratibu za kuzuia hongo, na mtu mwenye mamlaka akijua au akishuku anatakiwa atoe taarifa ndani ya saa 24. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ina ofisi hapa Mombasa. Yote haya yapo, na hata hivyo nauli inaendelea kuombwa.

Sababu moja iko ndani ya sheria yenyewe: inamhukumu mtoaji sawasawa na mpokeaji. Kanuni hiyo ni ya haki pale ambapo tajiri ananunua hakimu. Kwa mwimbaji mchanga aliyeombwa, kukiri kwamba alitoa ni kujipeleka mwenyewe kizimbani, na kukiri kwamba aliombwa akakataa ni kujifungia milango ya vituo vyote, kwa kuwa mji huu ni mdogo na watangazaji wanajuana. Hivyo ananyamaza, na ukimya wake unahesabiwa kuwa ridhaa.

Sababu nyingine tunaweza kuisoma Marekani. Baada ya vikao vile vya mwaka 1960, sheria yao haikukataza malipo kabisa. Ilitaka yatangazwe hewani, na ikamwekea anayeficha adhabu ya hadi mwaka mmoja jela na faini ya dola 10,000. Kilichofuata ni kwamba fedha ilitafuta dalali. Kampuni za muziki ziliajiri wapigadebe wa kujitegemea, na wapigadebe wakajua wenyewe jinsi ya kuvifikia vituo. Mwaka 2005 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, Eliot Spitzer, alifichua jinsi safari, vifaa vya elektroniki na zawadi za mashindano vilivyokuwa vikitumika badala ya bahasha. Kampuni ya muziki ya Sony BMG ililipa dola milioni 10 kumaliza suala hilo, Warner milioni 5, na mwaka uliofuata Universal milioni 12. Mwaka 2007 makampuni manne makubwa ya redio yalikubali kulipa serikali jumla ya dola milioni 12.5, na yakaahidi pia kutenga muda wa hewani kwa wanamuziki wa kujitegemea na wa maeneo yao. Miaka karibu 50 baada ya sheria, desturi ilikuwa ingali hai. Imebadilisha nguo tu.

Kwa hiyo siko pamoja na wanaoamini kwamba msako mmoja na kesi mbili tatu zitausafisha mji. Wala siko pamoja na wanaosema kwamba redio imepitwa na wakati na tuiache ife na maradhi yake. Kijana anaweza kuweka wimbo wake kwenye intaneti bila kumwomba mtu ruhusa, ni kweli, lakini huko nako Spotify ilianzisha mwaka 2020 mpango ambao msanii hupokea mrabaha pungufu ili nyimbo zake zipendekezwe zaidi kwa wasikilizaji. Swali limetufuata. Na katika mji huu redio bado inasikika katika tuktuk, katika vinyozi, kwa fundi cherehani na jikoni kwa mama anayesukuma chapati.

Lazima pia niseme neno juu ya lawama inayotupwa kirahisi. Mombasa iko kati ya miji miwili yenye nguvu za muziki, Nairobi na Dar es Salaam, na wasanii wa hapa wakisikia nyimbo za Bongo zikifuatana hewani hudhani moja kwa moja kwamba zimelipiwa. Si haki. Nyingi huchezwa kwa sababu watu wa pwani wanazipenda. Lugha ni moja, mapigo yanafanana na yetu, na kazi ya studio imefanywa kwa uangalifu. Moja ya madhara ya hongo ni hilo hasa, kwamba hata wimbo ulioshinda kihalali unashukiwa, na msanii wa hapa hapati tena njia ya kujua kama alishindwa na fedha ya mwenzake au na wimbo bora kuliko wake.

Njia ninayoiona inakubali nusu ya hoja ya watetezi na kukataa nusu. Nakubali kwamba msanii anaweza kununua muda wa hewani kama anavyonunua mfanyabiashara. Basi auziwe na kituo, kwa bei iliyobandikwa mapokezini na kwa risiti, na wimbo wake utanguliwe na maneno ya wazi kwamba umelipiwa na fulani. Nakataa kabisa kwamba mtangazaji auze kwa simu yake kitu ambacho si chake. Vipindi vya maombi ya wasikilizaji na orodha za nyimbo bora za wiki visiguswe na fedha hata kidogo, na redio ya umma, inayoendeshwa kwa fedha za mlipakodi, isiuze wimbo hata mmoja.

Najua pingamizi litakalokuja: bei ya wazi itawapa matajiri hewa yote. Pingamizi hili ni la kweli kwa kiasi fulani, na ndiyo sababu saa za kuuzwa lazima ziwe na kikomo. Lakini bei ya siri nayo haina kikomo, na maskini anailipa leo bila risiti, bila uhakika kwamba wimbo utachezwa, na bila mahali pa kudai anapotapeliwa. Bei iliyobandikwa ukutani inaweza kulinganishwa na ya kituo cha jirani, inaweza kupingwa, na binti akiionyesha kwa kidole hakuna atakayeweza kumwambia ajipime.

Ninachokipoteza katika mpango huu nakijua, na nakipoteza kwa uchungu. Yako mapenzi ya kweli ya mtangazaji anayeokota wimbo wa mtu asiyejulikana, akaucheza leo, akaucheza kesho, kwa sababu tu umemwingia moyoni. Kituo kinachozoea kuuza dakika kinaweza kumwona mtu huyo kama anayegawa bure bidhaa ya duka. Kanuni haiwezi kumlinda; anaweza kulindwa na mshahara unaotosha na mkataba unaosema kwamba kuchagua wimbo ni kazi yake.

Pa kuanzia si pagumu sana. Vituo tayari vinatakiwa kuwa na kumbukumbu za vilichorusha, na vyama vya haki vinazihitaji kwa mgao. Safu moja iongezwe katika orodha hiyo: je, wimbo huu umelipiwa, na na nani? Nyimbo zilizolipiwa zisiingie katika hesabu ya mrabaha, na orodha itiwe saini na mkuu wa vipindi kwa jina lake, ili anayeandika uongo awe ameuandika kwa mkono wake. Nilimweleza hayo yule kijana tulipokutana tena. Nauli hakuwa ameituma, na wimbo wake ulikuwa haujachezwa. Aliniuliza tu kama msanii wa kawaida ana ruhusa ya kuiomba orodha hiyo na kuisoma. Naona anapaswa kuwa nayo.